Umelala Masaa Mangapi?

Jumamosi, 6 Januari 2007

Mwaka mpya, lori lile lile. Nimeamka saa kumi alfajiri, macho mazito. Yadi yetu hapa Dubai Investments Park ilikuwa na baridi. Ndiyo, baridi! Nyumbani Webuye nikiwaambia hawaamini.

Kabla ya kugusa ufunguo, fomu. Kampuni ni ya Wakanada, na Wakanada hawaendi popote bila fomu. Swali la kwanza: umelala masaa mangapi? Katikati kuna matairi, breki, taa, mikanda ya kufungia mzigo. Swali la mwisho: kuna jambo la kueleza? Huu ni mwaka wa tatu najaza. La kwanza naandika nane. La mwisho naandika hakuna. Jana nililala manne. Nane. Hakuna. Yalla, twende.

Wana kadi nyekundu pia. Ukiwa umechoka unaining'iniza kwenye usukani na hakuna mtu wa kukulazimisha kuendesha siku hiyo. Madam Darlene, yule mama wa usalama, hutuambia kila mkutano: jamani, itumieni. Sijaona mtu akiitumia. Mwajiri akikuuliza kama umechoka, unajiuliza anatafuta nini. Arbab, bosi wangu wa kwanza hapa, hakuwahi kuuliza. Alikuwa mbaya, lakini angalau hakutuchanganya akili.

Mabomba ya chuma, kutoka bandarini hadi kambi ya jangwani. Foleni ya bandari masaa sita. Kukaa bure kunanichosha kuliko kuendesha.

Jumanne, 9 Januari

Habari kubwa!

Madam ametukusanya chini ya kivuli cha bati. Wanataka madereva wawili waende makao makuu huko Kanada, Saskatchewan. Hilo jina nimelinakili ukutani, herufi moja moja. Kuendesha huko huko, kwenye theluji. Atatupima yeye mwenyewe barabarani. Halafu akasema neno lililonifanya niache kutafuna: ukikaa huko na kazi yako ikiwa safi, unaruhusiwa kuleta familia.

Familia. Hapa mshahara wa dereva haumpi mke viza. Miaka sita niko Dubai, Peninah nimemwona mara mbili. Binti yetu Phyllis ana miaka saba na ananijua kwa sauti ya simu.

Famau akanipiga kiwiko. "Haya Zede, kwako kumekucha." Famau ni mzee wa Lamu, ana miaka kumi na minne hapa, na ndiye aliyenileta kampuni hii na kunifundisha barabara zake. Yeye Kanada haitaki. Anasema baridi ya Januari ya hapa inamtosha.

Mimi naitaka. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo naona haya: naitaka kuliko chakula.

Ijumaa, 12 Januari

Siku ya mapumziko. Kufua, kanisa, simu.

Peninah aliuliza kama kweli huko mtu anaweza kuishi, au ni kugandishwa tu kama nyama buchani. Alikuwa anacheka lakini nikasikia anavyovuta pumzi. Amechoka kuwa mke wa simu. Hakusema hivyo. Alisema bati la jikoni linavuja tena na kwamba ameacha kuwaeleza watu narudi lini.

Phyllis ameambiwa shuleni achore baba. Amechora lori. Nikamuuliza, na mimi niko wapi? Akajibu: uko ndani, huonekani.

Jumatano, 17 Januari

Nimepimwa. Nimeanguka! Kwa jambo ambalo sikujua hata kama ni kosa.

Mwanzo nilikuwa vizuri. Kuzunguka lori ukitaja kila kitu kwa sauti, kwa Kiingereza: nati, bomba la hewa, taa, mkanda. Madam anafuata nyuma na kikombe chake cha kahawa. Mwenyewe ameendesha malori miaka ishirini, mikono yake mipana kuliko yangu. Kurudi nyuma, safi. Kona, safi. Akaanza hata kunihadithia kuhusu mbwa wake.

Tukafika ile barabara ya malori ya jangwani, ya kupishana, isiyo na kitu katikati. Nina mzigo, natambaa. Nyuma yangu pikapu imebanwa. Mbele nikaona kweupe kabisa. Basi nikampa taa. Indiketa ya kulia mara tatu: pita. Akapita, akapiga honi ya asante.

Madam akaacha hadithi ya mbwa. Unakata kona? Hapana, madam. Unasimama? Hapana, madam. Basi hiyo taa ni ya nini?

Nikamweleza. Kwetu Kenya kila dereva wa trela anafanya hivi, kuanzia Mombasa mpaka Malaba. Wewe uliye mbele unaona, wa nyuma haoni. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo indiketa ya kulia maana yake kaa, kuna gari linakuja. Ya kushoto maana yake njoo. Hapa wanaendesha kulia, basi tumegeuza: kushoto kaa, kulia njoo. Ni heshima tu, madam. Asiyempa mwenzake taa ni mchoyo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kwamba Kanada taa ile inasema jambo moja tu, nakwenda upande huu. Tena akasema: ukimwambia mtu njia ni nyeupe, maisha yake umeyashika wewe. Nani amekupa? Akaandika. Nirudie baada ya siku kumi.

Miaka kumi na saba naendesha. Leo nimeambiwa heshima yangu ni kosa.

Alhamisi, 18 Januari

Nimemwambia Famau. Alicheka mpaka akaweka chai chini.

"Huyo mama amekaa kwenye gari lako saa moja. Mimi niko nyuma yako miaka mitatu! Akiwamo, acha. Akishuka, nipe taa zangu."

Ni kweli, mzigo wetu mwingi tunakwenda wawili wawili, mimi mbele, yeye nyuma. Anawasha taa kubwa mara moja, kuniuliza njia. Namjibu kwa indiketa. Hajawahi kuniuliza mara mbili. Nikamwambia naogopa kuchanganya. Akasema, mkono haulali, Zede, ni mtu ndiye hulala.

Jumapili, 28 Januari

Nimepita!!

Mkono wa kushoto, ule wa indiketa, niliubana kwenye usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mabasi mawili na pikapu moja nyuma yangu, wote wamekwama, wote wananilaani. Sikuwapa kitu. Nilijiona mtu mbaya. Madam akaniandikia alama zote.

Usingizi jana: masaa matatu, kwa wasiwasi. Nane. Hakuna.

Jumatano, 31 Januari

Barua imetoka. Mimi na Mfilipino mmoja wa zamu nyingine. Safari tarehe tatu Machi. Peninah alilia, nikamwacha alie mpaka kadi ya simu ikaisha. Famau amenipa koti lake la baridi, lile la kijani. Linanuka dizeli. Nimelivaa chumbani kama mjinga, na feni inazunguka.

Jumapili, 4 Februari

Bandarini tangu mchana. Kreni imeharibika. Nimefika chumbani saa nane na nusu usiku. Mubin, yule kijana wa Mombasa anayepanga safari, anataka malori mawili yatoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya saa za kuzuiwa malori. Kope zinagongana. Nalala.

Jumatatu, 5 Februari

Famau ameanguka. Yu hai. Mguu.

Siwezi kuandika.

Jumanne, 6 Februari

Niandike, maana kichwani inazunguka tu.

Asubuhi ya jana nilisimama na fomu mkononi. Umelala masaa mangapi? Mawili. Kadi nyekundu ilikuwa pale pale, mfukoni mwa mlango. Niliitazama, haki ya Mungu niliitazama. Nikafikiria barua. Mtu aliyechaguliwa juzi kwenda Kanada, leo aning'inize kadi ya uchovu? Nikaandika nane. Hakuna.

Ukungu ulikuwa mwingi. Magari yanatoka kwenye weupe kama yanazaliwa. Mimi mbele na mabomba, Famau nyuma, lori lake tupu, anakwenda kuchukua makontena. Natambaa. Yeye mwepesi na ana haraka. Tukaingia ile barabara ya kupishana.

Sikuwa nimelala. Macho yalikuwa wazi. Lakini nilikuwa Kikopey. Sijui nieleze vipi, nilikuwa napanda mlima wa Kikopey na trela, ukungu wa kwetu, baridi ya kwetu, nikijua kabisa kwamba nikishuka upande wa pili nitakaribia nyumbani. Famau akawasha taa kubwa mara moja. Mbele nikaona taa mbili za manjano: lori la maji linakuja. Nikamwambia kaa. Indiketa ya kulia, mara tatu.

Kulia!

Ya Kenya. Kwetu kulia ni kaa. Hapa kulia ni njoo.

Nilizinduka nilipomwona kwenye kioo cha kushoto, ametoka, ananijia ubavuni kwa imani yote. Nilikanyaga breki, nikajitupa kwenye mchanga wa kulia ili nimpe nafasi. Haikutosha. Akakata kushoto, akavuka mbele ya lori la maji, akaingia jangwani upande wa pili. Lori la maji likapita katikati yetu likipiga honi. Kisha nikasikia trela lake linalala. Si kishindo. Ni kama mtu anakalia kitanda cha chuma.

Nilikimbia. Alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, uso umejaa vumbi, anataja jina la Mungu. Mguu wa kushoto ulielekea pasipofaa. Mkanda ulikuwa wa Wakanada, wanakagua kila asubuhi. Ndio uliomwokoa.

Polisi walifika. Wakaniuliza nimeona nini. Nikasema ukungu. Wakaandika: dereva wa nyuma amepita vibaya.

Alhamisi, 8 Februari

Sijala vizuri. Leo nimeendesha na kila gari lililonikaribia nyuma nilitaka kushuka nilifukuze kwa mawe.

Peninah amepiga. Amemwambia mama yangu, amemwambia mwalimu wa Phyllis, amemwambia padri. Ameulizia viatu vya theluji vinauzwa wapi. Nikamjibu tutaona. Akauliza mbona sauti iko hivyo. Nikasema mafua.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekwenda hospitali na machungwa.

Famau yuko kitanda cha dirishani, mguu umefungwa hadi pajani, vyuma ndani. Tulizungumza habari za uji wa pale, hauna sukari. Tukazungumza ukungu. Mgonjwa wa jirani akatoka kwenda msalani. Famau akageuza kichwa.

"Ulinipa kulia."

Nikasema ndiyo, mzee. Nilikupa kulia.

"Ulikuwa wapi?"

"Kikopey."

Alianza kucheka, mbavu zikamuuma, akaacha. Akageukia dirisha. Hakunitazama. Akaniuliza niliandika masaa mangapi siku ile. Nane. Akatikisa kichwa. Na yeye aliandika nane, alisema, sote waongo, lakini mkono ulikuwa wako.

Nikamwomba msamaha. Nililia pia, naandika ukweli, mtu mzima wa miaka arobaini na moja.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Wala sitamwambia. Hilo lako, lishike mwenyewe. Ila usiniletee tena machungwa ukadhani tumemalizana."

Niliyaacha kwenye meza. Sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili, 11 Februari

Mkutano wa usalama. Picha za lori la Famau ukutani, limelala kama ng'ombe.

Baadaye Mubin aliniambia mlangoni: khalas, yule mzee amekwisha. Leseni imezuiwa. Kampuni ikipata karatasi ya polisi, viza inafutwa, anarudishwa Lamu na magongo yake. Miaka kumi na minne! Fairuz, bintiye, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi na anamtegemea yeye tu. Nikauliza hakuna njia? Mubin akainua mabega. Wakanada, akasema, wanafukuza dereva aliyepita kwenye ukungu kwa kichwa chake. Kama kuna sababu nyingine, wanachunguza kwanza, na mtu anaweza kubaki hata kwa kazi ya yadi. Sasa sababu ipi? Mwenyewe hasemi chochote.

Saa tisa madam akaniita ofisini. Nilidhani ni hilo. Ilikuwa karatasi za Kanada, niweke sahihi, zinatumwa kesho mchana. Nikaweka.

Akafunga faili, akasema polepole, nimfahamu: faili la Famau ni safi tangu aingie. Hajawahi kupita gari vibaya hata mara moja. Kwa nini siku ile? Mimi nilikuwa mbele yake, sikuona kitu?

Nikasema ukungu, madam.

Macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye mkono wangu wa kushoto. Yakakaa hapo. Kisha akaniambia niende nikapumzike.

Anajua? Au ananisubiri? Najiuliza lipi ni baya zaidi. Nikisema, Kanada imekwenda, na pengine hata hapa sina kazi, na Phyllis atanichora lori mpaka aolewe. Nisiposema, nitampokea Peninah uwanja wa ndege wa huko nimevaa koti la Famau.

Nimelitoa msumarini. Nimelikunja. Nimelitundika tena.

Jumatatu, 12 Februari

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Niko ndani ya lori, yadini. Fomu iko juu ya usukani, daftari hili gotini. Kalamu ni moja, inahama.

Umelala masaa mangapi? Nimeandika: mawili. Miaka mitatu na sijawahi kuandika namba ndogo hivyo. Nimeitazama kwa muda. Haikuniuma nilivyodhani.

Matairi sawa. Breki sawa. Mikanda sawa. Taa nimezijaribu, kushoto, kulia, zote zinawaka. Taa hazijawahi kuwa na kosa.

Kadi nyekundu nimeining'iniza. Mubin ameiona kutoka dirishani, ametoka nje na mikono juu: nini wewe, leo? Madereva wa zamu wamesimama wanatazama kana kwamba nimevua nguo.

Peninah sijampigia. Huko ni saa kumi na nusu, amelala. Acha alale na viatu vyake vya theluji kwa siku moja zaidi. Nitampigia jioni. Sijui nitaanzia wapi. Nimechoka sana, Mungu anajua. Lakini ni uchovu mwingine leo, ule wa kuweka mzigo chini, mabega bado yanauma.

Kuna jambo la kueleza? Nimeandika: lipo. Wameacha mstari mmoja tu, hautoshi. Nimegeuza karatasi.

Madam huyo, anavuka yadi na kahawa yake. Ameiona kadi. Anatembea haraka, kahawa inamwagika.

Nimeandika tarehe. Nimeandika ukungu. Nimeandika lori la maji lilikuwa upande gani.

Anagonga mlango. Ngoja, madam, kidogo tu, nimefika pale Famau anapowasha taa kuniuliza njia.